Baba wa zamu za usiku, mtoto mchanga na mlima: dhana potofu na ukweli wake

Ukiishi Morogoro, mlima huwezi kuukwepa. Uluguru umesimama juu ya mji, na kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Hata hivyo, kuna vijana wengi wa viwandani Kihonda wanaomaliza mwaka mzima bila kukanyaga njia ya Morningside, ile inayopanda mlimani kutoka mjini, hasa wakishapata mtoto wa kwanza. Ukiwauliza sababu utapewa majibu yaliyorudiwa kijiweni mpaka yakaonekana kweli. Nimeyasikia kazini, nimeyasikia kwenye benchi la kliniki ya watoto, nimeyasikia kwa wazee wetu wenyewe. Mengi si sahihi, na machache kati yake ni ya hatari. Naanza na hayo ya hatari.

“Nikitoka zamu ya usiku napanda mlima moja kwa moja, mwili unachangamka”

Kuchangamka huko kupo kweli, ila hakudumu. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni unaiambia saa ya mwili kwamba kumekucha, na joto la mwili, lililokuwa chini kabisa alfajiri, linaanza kupanda. Mtu anajisikia mwepesi. Usingizi aliokosa bado anaudaiwa wote.

Hebu tupige hesabu. Baba ameamka saa 4 asubuhi, ameshinda na mtoto, ameingia kazini saa 2 usiku, ametoka saa 12 asubuhi. Amekaa macho saa 20. Utafiti uliofanywa Australia na kutolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anapungukiwa na uwezo wa mkono na jicho sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Sasa mpe huyo baba pikipiki, au mpe mtoto mgongoni na njia ya udongo mwekundu iliyonyeshewa na masika. Hata kama hajaonja pombe maishani mwake, miguu yake haiko salama.

Kwa hiyo kwanza ni kulala, mlima utafuata. Toka kazini uende nyumbani, usisimame kijiweni, na ukiweza vaa kofia yenye ukingo mbele ili jua lisikuamshe zaidi. Saa 10 jioni, ukiwa umelala, mlima bado uko palepale.

“Anayelala mchana ni mvivu”

Hii huwa inatoka kwa ndugu na majirani, na inaumiza kwa sababu inasemwa mlangoni, mtu akiwa bado kitandani. Usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi kuliko wa usiku hata kwa mtu aliyechoka vibaya, kwa kuwa mwili wenyewe unamsukuma aamke. Ongeza nyumba ya bati: saa 5 jua limeshapasha, feni inasukuma hewa ya moto, redio ya jirani iko juu, mtoto analia chumba cha pili. Mtu mzima anahitaji kama saa 7 za usingizi au zaidi kwa siku, na hapo akipata 4 ana bahati.

Vitu vidogo vinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kanga mbili nzito dirishani. Simu ikae chumba kingine. Sentensi moja kwa jirani: “Mama fulani, wiki hii naingia usiku.” Na usingizi unaweza kugawanywa, kipande kirefu mara ukifika nyumbani, na kingine kifupi jioni kabla ya kutoka.

Wapo wanaosema mwili huzoea. Kwa mtu anayebadilishiwa zamu kila wiki, mwili hauzoei, maana kila siku ya ofu anarudi kwenye mwanga wa mchana na saa ya mwili inarudi nyuma. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani mwaka 2007, ikalirudia tamko hilo mwaka 2019. Sisemi hivi ili mtu aache kazi. Nasema ili asimdharau anayelala.

“Likizo ya uzazi ni ya mama tu, na mengine ni hisani ya bosi”

Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba angalau siku 3 za likizo yenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Hapo ndipo wengi wanapozipoteza: wanasubiri mama atoke hospitali, wanasubiri bibi afike kutoka kijijini, wiki inapita, haki imepita nayo. Ukipata mtoto leo, barua iandikwe leo. Kwa maoni yangu siku 3 ni chache mno. Jirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, wanampa baba wiki mbili zenye malipo kamili. Lakini chache zilizopo zichukuliwe.

Sheria hiyohiyo inaeleza mambo mengine ambayo ni vizuri kuyajua kabla ya kuipangia familia wiki. Usiku, kisheria, ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa unayofanya kazi humo inaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Ovataimu hailazimishwi bila makubaliano na hulipwa mara moja na nusu. Kati ya kutoka kazini na kuingia tena pawe na saa 12 za kupumzika, isipokuwa katika mazingira machache ambayo sheria yenyewe imeyataja, na kila wiki pawe na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Mama aliyejifungua hapangiwi usiku katika miezi miwili ya mwanzo. Askari wa jeshi, polisi na magereza wana taratibu zao, sheria hii haiwagusi, na wasimamizi wa ngazi za juu nao vifungu vya saa za kazi haviwahusu.

Hizo saa 24 ndizo siku ya familia. Baba asiyejua kwamba ni zake huziuza kwa ovataimu kila wiki, kisha analalamika kwamba hana muda.

“Mtoto mchanga akipigwa na upepo wa mlimani atapata nimonia”

Bibi zetu wanalisema hili kwa upendo, na wajibiwe kwa heshima. Nimonia inaletwa na vijidudu, bakteria na virusi, vinavyopita kutoka kwa mtu hadi mtu. Moshi wa jiko la mkaa au kuni ndani ya chumba kisichopitisha hewa unalidhoofisha pafu la mtoto kuliko upepo wa jioni. Kinga ipo kliniki: chanjo ya nimonia hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Baba aliyehakikisha hizo tatu zimeingia kwenye kadi amefanya kazi kubwa kuliko aliyemfunika mtoto masweta manne wakati wa joto. Mtoto anayepumua haraka kupita kawaida, au kifua kinachobonyea kila akivuta pumzi, huyo apelekwe hospitali mara moja, iwe mlimani ameenda au hajaenda.

Si kwamba nje hakuna hatari. Zipo, ila si zile tunazoziogopa. Jua la saa 6 mchana ni kali kwa ngozi ya mtoto aliye chini ya miezi 6, huyo akae kivulini. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo giza liwakute nyumbani; mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2019, huuma mchana, kwa hiyo nguo ya mikono mirefu si ushamba. Na maji: mvua ikinyesha juu Uluguru, kijito kinaweza kujaa ghafla huku mjini jua linawaka. Ukiona maji yamebadilika rangi au yamebeba majani na vijiti, usivuke na mtoto, hata kama ulivuka hapohapo saa moja iliyopita.

Kumfunga mgongoni kuna namna yake. Uso wake uonekane au uweze kuuhisi, kidevu kisigandamane na kifua, kwa sababu shingo ya mchanga bado haina nguvu na njia ya hewa inazibika kirahisi. Asiyeweza kushikilia shingo abebwe kifuani, si mgongoni, na kwa mwendo wa tambarare. Kitenge kipite chini ya makalio hadi nyuma ya magoti, miguu ikae kama ya chura. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto chini ya miaka 5 asifungwe zaidi ya saa moja mfululizo, iwe mgongoni au kwenye kiti. Kwa hiyo kila baada ya saa moja, au mapema zaidi, tandika kanga chini ya mti, mshushe, alale kwa tumbo ajinyanyue, ashike majani. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anatakiwa awe kwenye mwendo dakika 180 kwa siku. Chumba kimoja cha kupanga hakiwezi kumpa hizo. Kiwanja kinaweza.

“Mwanaume anayebeba mtoto mgongoni amekaliwa”

Njia ya Morningside ina watu asubuhi na jioni, wakiwemo akina mama wa Kiluguru wanaoshusha mboga na matunda kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Baba mwenye kitenge atachekwa kidogo mara ya kwanza, kisha ataulizwa mtoto ana miezi mingapi. Kijiweni ndiko kwenye ukali zaidi, na kijiweni ndiko wanakodai kwamba haya ni mambo ya kuiga.

Kuiga nani? Mwanaanthropolojia Barry Hewlett alipoishi na Waaka wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo, alikuta baba yuko karibu na mtoto wake mchanga, amembeba au anaweza kumfikia kwa mkono, asilimia 47 ya muda. Hao ni wawindaji wa nyavu, na si watu wa mjini. Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwalinganisha Wahadzabe na Wadatoga wa eneo la Ziwa Eyasi. Baba wa Kihadzabe, ambaye hushika na kuchezesha watoto wake, alikuwa na homoni ya kiume, testosteroni, chini kuliko wanaume wa kabila lake wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako baba kwa desturi anakaa mbali na vichanga, tofauti hiyo haikuonekana. Mwili wa mwanaume, basi, unajipanga kwa ajili ya malezi pale anapolea. Na hakuna atakayemwambia Mhadzabe mwenye upinde mkononi kwamba si mwanaume.

“Kutembea porini ni kwa wazungu na wenye magari”

Hili jibu lake ni fupi. Njia inayokwenda kwenye lile jengo la kale la Kijerumani la Morningside huanzia mjini, kwa miguu. Msitu wa hifadhi wenyewe, kule juu, unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo uliza kabla. Mwenye siku nzima ya ofu apande basi la kwenda Mikumi, akae dirishani: barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na mtoto anaweza kuona twiga, pundamilia na nyani kwa nauli tu. Ukiamua kuingia getini, mtoto chini ya miaka 5 halipi kiingilio. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, inawaleta hata wa Dar wakatembea na kurudi siku hiyohiyo.

Wala haihitaji siku nzima. Mtu mzima anashauriwa dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 hata dakika chache chache zinahesabiwa. Nusu saa ya kupandisha na kushuka, jioni tano, imetimia.

“Mama anashinda nyumbani, kwa hiyo yeye amepumzika”

Katika orodha hii nzima, hili ndilo linaloniudhi. Anayenyonyesha usiku anavunjiwa usingizi kama mtu wa zamu, tena bila rosta, bila posho ya usiku na bila ofu. Baba akienda mlimani peke yake kila Jumapili huku mama amebaki na mtoto, ndoo na jiko, amejiongezea mapumziko kwa kumpunguzia mwenzake. Lakini kuacha mlima hakumsaidii mama chochote. Kinachomsaidia ni baba kuondoka na mtoto.

Rosta mpya ikibandikwa, ipigwe picha na wakae nayo wote wawili. Kwanza ziwekwe saa za kulala za kila mmoja. Kisha muda wa mama, wa kwake peke yake, aende kikoba, aende kusuka, alale. Muda huo baba yuko nje na mtoto. Wiki ya usiku jioni ni fupi, kwa hiyo watembee mtaani tu. Wiki ya mchana au siku ya ofu ndiyo ya kwenda mbali. Kama siku mbili zinagongana, mwombe mwenzako mbadilishane zamu, na mabadiliko hayo supavaiza ayaandike kwenye rosta, maana makubaliano ya mdomo yakileta utata, utakayeandikiwa barua ya utoro ni wewe.