Kujipima hukomaza kumbukumbu, na hukomaza makosa pia

Nasoma sura moja mara nne na kuielewa, lakini nikiingia kwenye chumba cha mtihani yote yanapotea. Je, nina tatizo la kumbukumbu?

Mara nyingi tatizo ni namna ya kusoma. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, nchini Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi wavisome. Safari ya pili, vifungu vingine walivisoma tena. Kwa vingine, waliwekewa karatasi tupu waandike yote waliyokumbuka. Baada ya dakika 5, kurudia kusoma kuliongoza, asilimia 81 kwa 75. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: vifungu vilivyoandikwa kwa kichwa vilikumbukwa kwa asilimia 56, vilivyorudiwa kusomwa asilimia 42.

Ukiisoma sura mara nne, maneno yake yanazoeleka machoni, nawe unadhani umeyajua. Funika daftari uone kitakachobaki. Inauma, lakini ndiko kusoma kwenyewe. Rudia zoezi hilo baada ya siku mbili tatu, usiyarundike yote usiku wa kuamkia mtihani.

Basi nifanye tu mitihani ya miaka iliyopita kwa wingi?

Ifanye, lakini usiiache bila kuisahihisha. Kinachoimarika unapojipima ni kile ulichokitoa kichwani, kiwe kweli au kosa. Mwaka 2005 Roediger na Elizabeth Marsh walionyesha hilo kwa maswali ya kuchagua. Wanafunzi waliojibu maswali hayo bila kuambiwa majibu walifanya vizuri zaidi kwa jumla kwenye mtihani uliofuata, ila pia walianza kuandika yale majibu ya mtego kana kwamba waliyajifunza darasani. Baadaye, mwaka 2008, Andrew Butler na Roediger waliona kwamba kumwonyesha mwanafunzi jibu sahihi, iwe papo hapo au baadaye kidogo, hupunguza madhara hayo.

Kwa hiyo kubahatisha si dhambi kama mwongozo wa majibu upo karibu. Kama haupo, ni heri swali ulilolishindwa uliache wazi kuliko kulichagulia herufi yoyote na kuondoka nayo kichwani. Vikundi vya kujisomea huangukia hapo sana: mwenye sauti kubwa anatoa jibu, wote wanaandika, hakuna anayefungua kitabu.

Mtu mwenye akili timamu anawezaje kukumbuka kitu ambacho hakikuwapo?

Jaribu mwenyewe. Soma mara moja tu, polepole: kitanda, godoro, shuka, mto, usiku, ndoto, kukoroma, miayo, uchovu, kupumzika, blanketi, kuamka. Kisha endelea.

Zoezi la namna hii lilitungwa na James Deese mwaka 1959, na Roediger pamoja na Kathleen McDermott wakalifufua mwaka 1995. Bila kurudisha macho juu: je, neno "mto" lilikuwamo? Na "usingizi"? La kwanza limo. La pili halimo, ingawa wengi wangeapa wamelisoma. Katika majaribio ya 1995, ambako orodha zilisomwa kwa sauti, neno lisilokuwapo liliandikwa kwa takriban asilimia 40 hadi 55 ya nafasi, na wengi walisema wanakumbuka kabisa lilivyotamkwa. Waliokwisha kuandika orodha kwa kichwa waliyatambua vyema zaidi maneno ya kweli, na papo hapo wakaliamini zaidi lile lisilokuwapo.

Ubongo hauhifadhi nakala. Hushika maana, kisha hujenga upya tukio kila unapolikumbuka, na penye pengo huziba kwa kile kinachoelekea kufaa. Anayekosea hivyo hadanganyi.

Je, shahidi akiulizwa mara nyingi si ndiyo atakumbuka vizuri zaidi?

Inategemea anavyoulizwa. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa kasi ya magari "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, ambavyo havikuwamo. Kwa neno la kawaida, watu 7 kati ya 50 walisema waliviona. Kwa neno zito, 16 kati ya 50.

Nje ya maabara gharama ni kubwa. Mwaka 1984, huko Burlington, North Carolina, mwanafunzi wa chuo aliyebakwa alionyeshwa picha na polisi, akamchagua Ronald Cotton. Kwenye gwaride la utambulisho akamchagua tena, kisha akaambiwa ni yule yule wa kwenye picha. Kila hatua ilimwongezea uhakika. Mhalifu halisi, Bobby Poole, alipoletwa mahakamani mwaka 1987, mwanafunzi huyo alisema hajawahi kumwona. Vipimo vya vinasaba vilimtoa Cotton gerezani mwaka 1995, baada ya zaidi ya miaka 10.

Ukiwa shahidi wa jambo zito, andika ulichokiona mapema, kwa maneno yako, kabla ya kusikia simulizi za wengine. Na mtoto asiulizwe "Alikupiga, siyo?" Aulizwe "Ilikuwaje?", kisha aachwe aseme.

Haya yana faida gani kwa mgonjwa?

Kubwa. Ukitoka kwa daktari na maelekezo ya dawa tatu, usiitikie tu "nimeelewa". Mwambie: "Ngoja nikueleze nitakavyozitumia." Wahudumu wengi hufundishwa kumwomba mgonjwa afanye hivyo, kwa sababu kosa la kutwa mara mbili badala ya mara tatu linakamatwa pale pale, kabla halijawa mazoea. Hata hivyo, maelekezo yaandikwe pia kwenye pakiti.

Ni lini kusahau kunahitaji hospitali?

Kusahau ulipoweka ufunguo, au kubishana na ndugu zako nani alikuwapo harusini, ni kawaida. Mpeleke mzee wako kliniki akianza kupotea njia aliyoizoea, kuuliza swali lile lile mara kwa mara, au kushindwa kazi alizozimudu. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, hasa kukiambatana na homa, usemi kukwama au upande mmoja wa mwili kulegea, ni dharura: nenda saa hiyo hiyo.