Majina ya Bata Mkia-Mrefu wa Aktiki

Miongoni mwa bata wa baharini ninaowashughulikia, simjui anayetambulika kwa sauti kama Clangula hyemalis, ambaye kwa Kiswahili namwita bata mkia-mrefu. Huzaliana katika tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, ya Alaska, Kanada, Greenland na Urusi, na baridi ikizidi huhamia baharini, hasa Baltiki. Manyoya mawili membamba ya mkiani, yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ni ya dume peke yake, hivyo jina hilo halimgusi jike hata kidogo.

Wavuvi na wawindaji walimpa majina kwa kumsikiliza. Madume hulia kwa pamoja kitu kama "a-a-auli", mlio wa puani unaofika mbali juu ya maji, na ndiko yalikotoka alli la Wafini, aul la Waestonia na calloo la Waskoti. Clangula nalo linatokana na neno la Kilatini la kupiga mlio, ilhali hyemalis, aliloliteua Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi ya viumbe, mwaka 1758, ni la majira ya baridi. Wajerumani humwita Eisente, bata wa barafu.

Marekani aliitwa Oldsquaw, jina lililomfananisha na ajuza wa jamii za wenyeji asilia, tena kwa neno squaw ambalo wenyeji hao wanalihesabu kuwa tusi. Wanabiolojia wa Alaska, waliohitaji ushirikiano wao katika kumhifadhi bata huyu aliyekuwa akipungua, waliomba jina libadilishwe, na mwaka 2000 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kikaridhia, ingawa kamati yake ilisisitiza kwamba inafuata tu jina lililozoeleka Ulaya. Kwangu mimi hoja ya Alaska ilitosha: humwombi mtu akusaidie kumlinda ndege ambaye jina lake linamtukana mama wa mtu huyo.

Na ulinzi unahitajika kweli. Katika Baltiki, makadirio ya bata hawa wakati wa baridi yalishuka kutoka milioni 4.3 mwaka 1992–1993 hadi milioni 1.5 mwaka 2007–2009, na tangu 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, imemweka katika kundi la walio hatarini. Huzamia kutafuta kome akijisukuma kwa mbawa zilizokunjuliwa nusu, pengine hadi mita 60, na huko chini hunaswa na nyavu za kutega akafa maji. Mafuta ya meli humuua kwa njia nyingine: doa dogo likigusa manyoya ya kifuani, maji ya baridi hupenya hadi kwenye ngozi, naye hupoteza joto upesi kuliko anavyoweza kulifidia kwa chakula. Kusini mwa Gotland, kisiwa cha Uswidi katika Baltiki, kwenye kina kifupi cha Hoburg ambako wengi hukusanyika, njia kuu ya meli inapita karibu mno, na ningependa kuiona ikisogezwa mbali.