Sabuni ya Zorro

Mimi ni mwalimu wa kemia, na kila mwaka natengeneza sabuni ya mche na wanafunzi wangu. Ndiyo maana nilipoangalia The Legend of Zorro ya mwaka 2005, ile ya pili ya Antonio Banderas na Catherine Zeta-Jones, jicho langu halikukaa kwenye upanga. Lilikaa kwenye sabuni.

Adui wa humo, Armand, ni tajiri mwenye mashamba ya mizabibu, na mzigo anaouingiza ni sabuni. Nani atamshuku mtu wa sabuni?

Mimi ningemshuku. Ukipika mafuta na kostiki, mafuta yanavunjika: sehemu moja inakuwa sabuni, nyingine inabaki gliserini, ule uteute mzito usio na rangi tunaopaka midomo ikikauka. Huwa nawatilia wanafunzi tone kidoleni waone linavyonata. Hawaamini nikiwaambia kwamba gliserini hiyohiyo ikiunganishwa na asidi ya nitriki inakuwa nitrogliserini, kilipuzi kikali. Baruti ya kawaida huungua. Hii, ndani ya molekuli yake mna oksijeni tayari, haingoji hewa. Mshtuko tu, na yote inavunjika kwa mara moja.

Ascanio Sobrero aliigundua Turin mwaka 1847, na hadithi ya filamu inatokea 1850, California ikijiandaa kuwa jimbo la Marekani. Miaka 3 tu kati yake! Kwa kemia hii ya kugeuza sabuni kuwa kilipuzi, nawapa waandishi heko. Historia wameivuruga: wameingiza jeshi la Kusini, yaani la majimbo yaliyojitenga na Marekani, ambalo lilizaliwa 1861.

Kinachonisumbua zaidi ni mwisho. Stelingi wetu anapigana juu ya treni iendayo kasi, na ndani yake mmejaa chupa za nitrogliserini. Mwaka 1850 California haikuwa na treni, na hata ingekuwa nayo, mtikisiko wa behewa ungetosha kumaliza filamu mapema. Aprili 1866, San Francisco, kasha moja la nitrogliserini lilivuja, watu wakajaribu kulifungua, likalipuka na kuua watu kadhaa. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuisafirisha. Wajenzi wa reli waliokuwa wakitoboa miamba ya Sierra Nevada wakawa wanaichanganya hukohuko mlimani, hatua chache kutoka kwenye handaki lenyewe.