Usugu wa insulini ni nini, na inflamesheni inaingilia wapi

Mtu anatoka Temeke asubuhi bila hata chai, anatolewa damu maabara, majibu yanarudi: sukari 5.4 mmol/L. Anaambiwa yuko sawa, na kwa kipimo hicho yuko sawa kweli. Ambacho karatasi haisemi ni gharama yake: kongosho limemwaga insulini kiasi gani mpaka sukari ikakaa hapo. Watu wawili wenye 5.4 wanaweza kupishana mara tatu au nne kwa kiwango cha insulini kwenye damu. Yule anayehitaji nyingi ili afike palepale ndiye mwenye usugu wa insulini.

Insulini inafanya kazi sehemu kuu tatu. Kwenye misuli inaingiza glukosi ndani ya seli. Kwenye ini inazuia utengenezaji wa glukosi mpya, kazi ambayo ini huifanya usiku kucha ukiwa umelala. Kwenye mafuta inazuia asidi za mafuta zisimwagike ovyo kwenye damu. Usugu ukiingia, dozi ileile inafanya kazi pungufu, kongosho nalo linajibu kwa kuongeza dozi. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka kumi au zaidi bila sukari kupanda. Inapanda pale seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, zinapoanza kushindwa kwenda na mahitaji, na hapo ndipo wengi husikia neno kisukari kwa mara ya kwanza.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London aliwapa wagonjwa wa kisukari glukosi ya kunywa pamoja na sindano ya insulini kwa wakati mmoja. Kwa wengine sukari ilidhibitiwa, kwa wengine ikapanda kana kwamba sindano haikuchomwa. Kuthibitisha kulihitaji njia ya kupima insulini yenyewe, na hiyo ilipatikana New York mwaka 1960 kwa kazi ya Rosalyn Yalow na Solomon Berson. Kwa njia yao ilionekana kwamba wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani wana insulini ya kutosha, na baadhi wanayo kuliko watu wazima wa afya.

Sasa, hitilafu iko wapi? Mara nyingi kipokezi cha insulini kipo na insulini inakishika vizuri tu. Kikishashikwa, kipokezi hubandika fosfeti kwenye protini iitwayo IRS-1, mahali penye asidi amino aina ya tairosini. Kutoka hapo ujumbe unapokezanwa protini hadi protini, hadi vibebeo vya GLUT4 vilivyokuwa ndani ya seli ya msuli vinapopanda juu kwenye utando na kuanza kuingiza glukosi. Fosfeti ikibandikwa kwenye IRS-1 mahali pengine, kwenye serini, ujumbe unafifia njiani. Insulini ipo, kipokezi kipo, GLUT4 zipo, lakini vibebeo vichache tu ndivyo vinavyopanda.

Anayebandika hizo fosfeti za serini ni nani? Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, Boston, pamoja na wenzao walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatoa TNF, kemikali ambayo kinga ya mwili huitumia kuanzisha inflamesheni, yaani mwitikio wake dhidi ya jeraha au vijidudu. Walipoizima TNF, insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Miaka mitatu baadaye ilionekana kwamba TNF inasababisha hasa ule ubandikaji wa fosfeti kwenye serini za IRS-1. Kabla ya hapo mafuta yalichukuliwa kuwa ghala tu.

Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti Marekani yaliongeza kipande kingine: ndani ya mafuta ya wanene kumejaa makrofaji, zile seli kubwa za kinga zinazokula uchafu na vijidudu. Kwa mtu mwembamba hazifiki asilimia 10 ya seli za kwenye mafuta. Kwa wenye unene mkubwa zinakaribia asilimia 40. Seli ya mafuta iliyovimba kupita kiasi inakosa oksijeni ya kutosha na nyingine hufa. Makrofaji huizunguka ili kuisafisha, na wakati wote huo zinatoa TNF na kemikali wenzake. Inflamesheni hii si ile ya jipu, yenye joto, wekundu na maumivu. Ni ya chini chini, haiumi, na inakaa miaka.

Hapa kuna kundi jingine la watafiti lenye hoja nzito: kwamba kinachoanza ni mafuta kukosa nafasi kwenye ghala lake na kuhamia ndani ya ini na misuli, ambako yanavuruga ujumbe wa insulini hata bila makrofaji. Kwa mtazamo wetu kambi zote mbili zinaeleza kitu cha kweli, na ubishi umebaki zaidi kwenye nani ametangulia.

Dawa za kuzima inflamesheni hazijawa jibu. Kingamwili ya kuizuia TNF ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1996, dozi moja, na usugu haukupungua. Dawa za jamii ya aspirini zinashusha sukari kidogo, lakini kwa gramu kadhaa kwa siku, dozi inayoleta mlio masikioni na kuwapa figo kazi. Kwa hiyo anayenunua diklofenaki duka la dawa akidhani anatibu usugu anaumiza tumbo na figo bure.

Turudi maabara, maana huko ndiko mambo huharibika sana. Kipimo bora ni kumwekea mtu dripu ya insulini kwa kasi isiyobadilika na dripu ya pili ya glukosi, kupima sukari kila dakika 5 kwa saa 2 au zaidi, na kurekebisha glukosi ili isimame karibu na 5. Kadiri glukosi inayohitajika inavyokuwa kidogo, ndivyo usugu ulivyo mkubwa. Hicho ni cha watafiti. Mtaani kinachowezekana ni HOMA-IR: insulini ya asubuhi kabla ya kula (kwa µU/mL) mara sukari ya wakati uleule (kwa mmol/L), gawanya kwa 22.5. Mwenye insulini 6 na sukari 5.4 anapata 1.4. Mwenye insulini 22 na sukari ileile anapata 5.3. Wengi huanza kutilia shaka kwenye 2.5 hivi, ila mashine za insulini hazisomi sawa, hivyo usilinganishe namba za maabara mbili.

Na sampuli yenyewe inataka nidhamu. Chembe nyekundu zikipasuka, kimeng'enya kilichomo ndani yake kinaila insulini, na jibu linatoka chini kuliko ukweli. Sukari nayo inaliwa na chembe za damu kwenye kichupa, asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la kawaida la chumba, na Dar es Salaam ya Februari si joto la kawaida la chumba. Damu iliyotolewa Mbagala saa mbili asubuhi, ikapanda bodaboda, ikakwama kwenye foleni na kufika maabara kuu saa nne, inaweza kusoma 5.7 wakati ilikuwa 6.4. Mtu aliyevuka mstari wa 6.1, ambapo sukari ya kabla ya kula huanza kuhesabiwa kuwa juu, anarudishwa nyumbani. Kichupa cha kifuniko cha kijivu chenye floridi kinasaidia, ila floridi huchukua saa kadhaa, hadi nne, kuzuia kabisa, kwa hiyo barafu na sentrifuji (mashine inayotenganisha chembe na majimaji ya damu) ya mapema bado vinahitajika.

Kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda palipo na inflamesheni, kile chenye uwezo wa kusoma viwango vidogo, huonyesha inflamesheni hii ya chini chini: chini ya 1 mg/L ni nzuri, juu ya 3 ni mbaya. Ikivuka 10, tafuta kwanza malaria, UTI au jino bovu, kisha rudia baada ya wiki mbili.

Bila maabara pia kuna dalili. Weusi mzito, laini kama mahameli, nyuma ya shingo na kwapani, ambao watu husugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, mara nyingi ni ngozi inayojibu insulini nyingi. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga: sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ndiyo mipaka inayotumika, ingawa ilitokana na vipimo vya Wazungu. Trigliseridi zisikutulize, kwa sababu kwa watu wenye asili ya Afrika zinaweza kubaki chini huku usugu upo.

Kinachopunguza usugu haraka ni misuli kufanya kazi. Msuli unaojikunja unapandisha GLUT4 bila kuingoja insulini, na faida hiyo hudumu siku moja hadi mbili, ndiyo maana kuruka siku tatu kisha kukimbia sana Jumamosi hakulipi. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, dakika 150 za mazoezi kwa wiki na kupunguza uzito kwa asilimia 7 vilipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Metfomini, dawa ya kisukari, ilipunguza kwa asilimia 31. Mtu wa kilo 90 anahitaji kutoa kilo 6 na kitu. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, basi hapo ni pa kuanzia kabla hujagusa ugali.

Mwenye selimundu asitegemee HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu kinachosomwa kwenye chembe nyekundu. Chembe zake nyekundu haziishi siku 120 kama za wengine, kwa hiyo kipimo kinasoma chini hata sukari ikiwa juu. Kwake ni glukosi ya kunywa, gramu 75, na damu baada ya saa 2: kuanzia 7.8 hadi 11.0 mwili umeshaanza kushindwa, 11.1 kwenda juu ni kisukari.