Modeli za magari ya mbio: dhana potofu kuhusu kuziunda na kuzipaka rangi

Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilikuja huku kwetu katika Bonde la Ufa, Kenya: makao yake yakawa Naivasha, na baadhi ya njia zake zikapita Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, mwendo mfupi kutoka Nakuru mjini. Miongoni mwa wakazi wa huku wapo ambao mapenzi yao kwa mbio hizo hayaishii kando ya barabara, bali hununua seti za modeli za plastiki na kuketi jioni baada ya jioni wakiunganisha vipande na kupaka rangi mpaka gari lililowahi kushinda Safari lisimame mezani. Ni kazi ninayoipenda, na huniuma kuona bodi iliyopigwa msasa kwa uangalifu mkubwa ikiharibika kwa dakika chache kwa sababu mwenyewe aliamini jambo lisilo kweli. Makosa mengi ya aina hii yana chanzo kimoja, nacho ni dhana kwamba modeli ni gari la kawaida lililopunguzwa tu ukubwa, kwa hiyo lolote linalofaa gereji litafaa pia mezani.

Wapo wanaosema kwanza kwamba huu ni mchezo wa watoto. Mtoto aliyeunda gari la waya lenye usukani unaokata kona anajua tayari kwamba kazi hii inataka jicho na mkono, na seti ya modeli inaongeza juu ya hayo elimu ya kemia na ya vipimo. Kipimo kinachotumika zaidi kwa magari ya mbio za barabarani ni 1/24, yaani urefu wa gari halisi umegawanywa kwa 24, hivi kwamba Toyota Celica ya urefu wa mita 4.4 kama ile ambayo Ian Duncan alishinda nayo Safari mwaka 1994 inakuwa na urefu wa sentimita 18 hivi. Magari ya Formula 1 mara nyingi hutolewa kwa kipimo cha 1/20, na yapo makubwa zaidi ya 1/12. Kadiri namba ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo modeli inavyokuwa ndogo, jambo ambalo mnunuzi mgeni hulielewa kinyume.

Dhana inayoharibu modeli nyingi kuliko nyingine zote ni kwamba rangi ya kupulizia inayouzwa kwenye hadiwea, au ile inayochanganywa na fundi wa gereji, inatosha kwa sababu hata gari halisi hupakwa hiyo hiyo. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu huifuata. Makopo ya rangi ya kupulizia yanayotengenezwa mahususi kwa modeli yana gesi iliyoshindiliwa, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari ambao hauruhusiwi kusafirishwa kama barua au vifurushi vya kawaida kutoka nje ya nchi, ilhali kopo la hadiwea liko hatua chache kutoka nyumbani. Lakini gari halisi ni la chuma, na modeli ni ya plastiki iitwayo polistirini, ambayo huyeyuka ikiguswa na vimiminika vikali kama asetoni na tolueni, vilivyomo katika thina nyingi za gereji. Rangi yenye thina hiyo ikitua kwenye bodi, uso wa plastiki hulainika na kukunjamana, na mikunjo hiyo haiondoki kwa msasa bila kuondoa pia mistari ya milango. Petroli nayo huyeyusha plastiki hiyo, mbali na kwamba inaweza kuwasha nyumba, na kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni hufanya vivyo hivyo.

Anayeishi mbali na maduka maalumu atapata nafuu zaidi kwa rangi za akriliki za chupa zinazochanganyika na maji, kwa sababu hazina gesi, hazina ukali, na zinaweza kupakwa kwa brashi laini au kwa kibunduki kidogo cha hewa. Kama ni lazima kutumia kopo la hadiwea, lijaribiwe kwanza kwenye ile fremu ya plastiki inayobaki baada ya vipande kukatwa, maana fremu hiyo ni plastiki ile ile ya bodi, na haina thamani nyingine. Ni vyema pia kukumbuka mpangilio wa rangi: enameli, yaani rangi ya mafuta inayokauka polepole, inaweza kupakwa juu ya laka, yaani rangi ya thina kali inayokauka haraka, ikiwa imekwisha kukauka, ila laka ikipakwa juu ya enameli huila na kuikunja.

Hata rangi isiyoidhuru plastiki bado inaweza kuiharibu modeli kwa unene wake. Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Rangi ya kiwandani kwenye gari halisi, matabaka yote yakijumlishwa, ina unene wa takriban milimita 0.1. Ukiweka unene huo huo kwenye modeli ya 1/24, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya unene wa milimita 2.4. Ufa kati ya mlango na bodi, ambao kwenye gari halisi ni kama milimita 4, kwenye modeli unabaki chini ya milimita 0.2, na rangi inapoingia kutoka kila upande, ufa huo unazibika na mlango unapotea. Kwa hiyo ile imani kwamba tabaka moja zito hufunika vizuri na kuokoa muda ni potofu. Matabaka ya kwanza yanapaswa kuwa mepesi kama ukungu, yapulizwe kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20, na mpuliziaji aanze kupuliza kabla ya kufika kwenye bodi na aache baada ya kuipita, ndipo tabaka la mwisho liwe na umajimaji wa kutosha kutulia na kung'aa.

Uwiano huo huo unaeleza kwa nini rangi ya fedha ya gereji haipendezi kwenye modeli. Chembe za metali zilizomo ndani yake zinaonekana ndogo kwenye boneti ya mita nzima, lakini kwenye boneti ya sentimita tano zinaonekana kama mchanga uliomwagwa. Rangi za modeli husagwa chembe zake laini zaidi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaosema kwamba fundi wa rangi wa magari hana la kumfundisha mtengenezaji wa modeli. Rangi yake haifai, lakini mazoea yake yanafaa sana. Fundi mzuri wa Nakuru hapulizi kabla ya kuosha bodi, na modeli pia inahitaji kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwani vipande hutoka kiwandani vikiwa na mabaki ya mafuta yanayotumiwa kuvitoa kwenye kalibu. Fundi humwaga maji sakafuni ili vumbi lilale, na mwenye modeli anaweza kufanya hivyo hivyo katika miezi ya kiangazi, upepo unapopeperusha vumbi la mji huu hadi ndani ya nyumba. Uso wa rangi ukitoka na vipele kama ganda la chungwa, fundi haanzi upya, bali huusugua kwa msasa wa maji na kuung'arisha. Kwenye modeli hiyo ni kazi ya msasa namba 1500, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arisha, kwa tahadhari moja: kwenye kingo na pembe rangi ni nyembamba zaidi, na msasa hufika kwenye plastiki kabla mtu hajatambua.

Wengi huamini kwamba rangi ikiguswa na isishike kidole imekwisha kukauka. Uso hukauka kwanza na ndani kunabaki laini, na enameli inaweza kuhitaji siku kadhaa, au hata zaidi ya wiki, kabla ya kustahimili msasa. Hali ya hewa nayo inahusika kwa njia ambayo wachache huifikiria. Thina inapoyeyuka angani hupoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hunata juu ya laka ambayo haijakauka na kuifanya iwe na weupe wa ukungu. Kwa hiyo alasiri ya mvua ya Aprili si wakati wa kupuliza laka, na aliye Kisumu, karibu na ziwa, ana sababu zaidi ya kuliangalia jambo hili. Kopo lenye msukumo dhaifu kwa sababu ya baridi ya asubuhi liwekwe kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si motoni, kwa maana linaweza kulipuka.

Kuhusu praima, yaani tabaka la msingi linalopakwa kabla ya rangi yenyewe, si kweli kwamba ya kijivu inafaa kila rangi. Njano na nyekundu hupitisha mwanga, zikapooza juu ya kijivu na kuchangamka juu ya nyeupe. Kuhusu gundi, ile ya modeli huyeyusha kingo mbili za plastiki zikawa kitu kimoja, kwa hiyo haishiki palipopakwa rangi; lazima pakwanguliwe kwanza. Gundi kali ya matone haitumiki kamwe kwenye vioo, kwa kuwa mvuke wake hutua kama weupe usiofutika. Vioo hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Jambo moja halihusu uzuri bali afya. Barakoa ya kitambaa, au ile tuliyoizoea wakati wa korona, haizuii mvuke wa laka. Huzuia chembe tu. Mvuke unahitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu, na hewa inayopita kati ya mlango na dirisha vilivyo wazi, mbali na jiko linalowaka na mbali na watoto.

Dhana nyingine ni kwamba gari la mbio lazima ling'ae kila mahali. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ambayo kampuni ya Hasegawa kutoka mkoa wa Shizuoka nchini Japani imeitolea modeli ya 1/24, ilikuwa nyekundu inayong'aa yenye boneti nyeusi isiyong'aa, ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Aliyeing'arisha boneti hiyo ameondoa kitu kilichokuwa na kazi yake. Hata hivyo stika za maji, yaani zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, zinahitaji uso laini wakati wa kubandikwa, kwa sababu juu ya uso mkavu usiong'aa hewa hunaswa chini yake na kuacha madoa ya fedha. Boneti hiyo ipakwe kwanza vanishi ya kung'aa, ibandikwe stika, kisha ifunikwe kwa vanishi isiyong'aa.

Kinyume chake wapo wanaoamini kwamba gari la Safari haliwi la Safari mpaka lizame kwenye matope, na huchota udongo halisi wakaubandika. Uwiano unakataa tena: punje ya mchanga ya nusu milimita ni sawa na jiwe la milimita 12 kwenye gari halisi. Chaki ya rangi iliyosagwa na kuchekechwa hutoa vumbi linaloaminika zaidi. Lazima pia kujua ni gari gani na ni mwaka gani. Kwa miongo mingi mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza, na matope yalikuwa sehemu ya hadithi yake, ilhali yale ya Juni 2021 yanakumbukwa kwa vumbi laini la Kedong, karibu na Naivasha, lenye rangi iliyofifia kama jivu, si wekundu wa barabara za vijijini kwetu. Vumbi halitui sawasawa: hujaa nyuma ya magurudumu na kwenye mkia, ambako hewa inayovutwa na gari hulirudisha, na kwenye kioo cha mbele hubaki nusu duara mbili safi zilizofutwa na waipa. Kipande cha tepu kilichokatwa kwa umbo hilo na kubandikwa kiooni kabla ya kupuliza vumbi hutosha.

Gari likikamilika, wengi huliweka dirishani lionekane, wakidhani jua halina neno na plastiki. Jua hufifisha rangi, hugeuza vanishi kuwa manjano, na joto la kioo huweza kupinda bodi. Kabati lenye kivuli ni bora. Jua lile lile, hata hivyo, ni msaada kwa stika ambazo watu huzitupa: karatasi ya stika za zamani iliyogeuka manjano ikiwekwa kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kubandikwa dirishani, kwa siku kadhaa au wiki chache umanjano hupungua sana, kisha stika hupakwa vanishi kidogo kabla ya kuloweshwa ili zisikatike majini.