Nyongeza ya haki si asilimia moja kwa wote

Mei Mosi ikishapita, Mombasa hii huwa kuna maneno mawili. La kwanza ni la mitaani: serikali imetuongezea mishahara. La pili hutoka maofisini: "Hapa kwetu hakuna upendeleo, kila mtu kapata asilimia ileile, hiyo ndiyo nyongeza ya haki." Yote mawili yana kasoro, lakini hili la pili ndilo linalonikera.

Nyongeza ya haki ni ile inayotolewa kwa kigezo kilichojulikana mapema, kikawashika wote wanaofanya kazi ya uzito mmoja, na aliyekosa akaweza kuelezwa kwa nini amekosa. Basi.

La mitaani tulimalize upesi. Tangazo la Mei Mosi hugusa kima cha chini cha mshahara: mwaka 2024 ilitangazwa asilimia 6, mwaka 2025 asilimia 12. Karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini anayelipwa elfu sitini hawezi kudai chochote kwa tangazo hilo, ila kama mkataba wake au makubaliano ya chama chake yamesema hivyo.

Sasa hili la asilimia. Tuseme hoteli moja ya Nyali ina watu wawili wa mapokezi: zamu zilezile, wageni walewale, vyeti sawa, na miaka ya kazi sawa. Mmoja aliajiriwa kwa 30,000 kwa sababu alikuwa na shida akakubali alichopewa. Mwenzake alijua kubishana bei, akaingia kwa 38,000. Wote wakiongezwa asilimia 10, wa kwanza anafika 33,000 na wa pili 41,800. Pengo lililokuwa 8,000 sasa ni 8,800. Hakuna aliyependelewa mwaka huu, na bado aliyepunjwa siku ya kwanza amezidi kuachwa nyuma. Tena kila nyongeza ijayo itahesabiwa juu ya hiyo.

Wapo wanaojibu kwamba basi tugawe shilingi sawa, elfu tano tano. Nikiri hilo lina nafuu pale nyongeza inapokuwa ya kufidia kupanda kwa bei, maana unga hauna bei ya meneja na bei ya mfagiaji. Lakini kwa wale wawili wa mapokezi, pengo la 8,000 linabaki palepale.

Wanachosahau wote ni kwamba sheria haizungumzii ukubwa wa nyongeza. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na mlalamishi akifika mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kuwa hakubagua. Kinachopimwa ni malipo yenyewe. Miaka ya utumishi, au cheti ambacho kazi inakihitaji kweli, vinaweza kuhalalisha tofauti. Ufundi wa kubishana bei siku ya usaili sioni unavyoingia hapo.

Kwa hiyo meneja akikwambia kila mtu kapata asilimia 10, usimwite mwongo, maana huenda anasema kweli. Mwambie tu kwa upole kwamba hicho ni kiwango kimoja cha nyongeza, kisha umuulize kila mtu alikuwa akilipwa ngapi kabla.