Papa upanga si papa

Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ukimtaja papa upanga, yule mwenye pua ndefu kama upanga wenye meno, nani atabisha kwamba ni papa? Jina limeshasema, na ule mwili mrefu wenye mapezi mawili mgongoni unashuhudia. Lakini mgeuze tumbo. Nyufa za mashavu ziko chini, kama za taa, yule samaki bapa. Za papa huwa ubavuni. Mapezi ya kifuani nayo yameungana na kichwa. Basi ni taa, wa familia ya Pristidae, yenye spishi 5 tu. Papa mwenye pua ya msumeno yupo kweli, ila ni ukoo mwingine: ana sharubu mbili kwenye msumeno, na nyufa zake ziko ubavuni. Na yale “meno” ya upanga? Ni magamba yaliyogeuka.